Kusajili alama ya biashara BRELA ukiwa Mtwara au Lindi

Ninachapisha lebo za vifungashio hapa Mtwara mjini. Wateja wangu wengi ni wabanguaji wa korosho na wasindikaji wadogo, kwa hiyo kazi ya kuwajazia maombi ya alama za biashara nayo imeniangukia. Mtu anakuja na cheti kwenye bahasha ya kaki, ananiambia, "Jina langu nilishasajili, kaka." Nikikifungua nakuta ni cheti cha jina la biashara.

Cheti hicho kinaitambulisha biashara yako serikalini, basi. Hakimzuii mtu wa Masasi kupakia korosho zake kwenye mfuko unaofanana na wako. Leseni ya halmashauri haimzuii, wala TIN, wala alama ya ubora ya TBS. Jina na nembo ya bidhaa hulindwa, kwa Tanzania Bara, na usajili chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Ofisi ni ileile ya BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, ila ombi ni jingine kabisa.

Hatua ya 1: Pata jina linalosajilika

Hapa ndipo pa kutuliza kichwa, kwa sababu fomu yenyewe si ngumu. Huku kwetu kila mtu anataka "Korosho Bora Mtwara" au "Ufuta Safi Lindi". Angalia maneno hayo: moja linataja bidhaa, la pili linaisifu, la tatu linataja mahali. Yote matatu kila mfanyabiashara anayahitaji, na Msajili hawezi kumpa mtu mmoja ayafungie kabatini.

Tafuta neno lisilohusiana na bidhaa, au lililotungwa. Tuseme "Ngalawa" kwa korosho za kukaanga. Ngalawa haibangui korosho, na ndiyo maana neno hilo linaweza kukutofautisha na wengine. Mtwara unaweza kuiandika kwenye lebo, hakuna anayekukataza. Ila Msajili anaweza kukutaka ukubali kwamba hudai haki ya peke yako juu ya neno hilo, na ukubali tu, hupotezi kitu.

Achana na bendera na nembo ya taifa, matusi, na jina linalomdanganya mnunuzi. Sharubati ya sukari usiiite asali.

Hatua ya 2: Fanya upekuzi

Kabla hujaniletea kazi ya kuchapisha mifuko elfu moja, omba BRELA wakuangalizie kama kuna alama inayofanana na yako. Anza mwenyewe kwa macho: pita Soko Kuu, pita stendi ya Mkanaledi, simama pale Mnazi Mmoja ya Lindi ambapo basi likisimama tu korosho zinaingia dirishani. Angalia na mitandaoni.

Usitafute jina lililoandikwa sawasawa na lako tu. Kinachopimwa ni kama mnunuzi wa kawaida atachanganyikiwa, kwa kuona au kwa kusikia. Kama kuna "Galawa" kwenye bidhaa za aina yako, "Ngalawa" yako iko matatani hata kama michoro haifanani.

Hatua ya 3: Amueni alama ni ya nani

Mtu mmoja mwenye biashara yake anaweza kuruka hapa. Vikundi, someni mara mbili.

Kikundi cha akina mama kumi kinachobangua pamoja huwa na cheti cha halmashauri na akaunti ya benki, lakini linapokuja suala la mtandao anatumwa binti wa katibu mwenye simu nzuri. Anajaza kwa namba yake ya NIDA, na akifika sehemu ya mwombaji anaandika jina lake. Mali ya kikundi imekuwa yake kwenye karatasi. Anayejaza na anayemiliki si lazima wawe mtu mmoja. Mkiweza, sajilini kampuni au chama cha ushirika kwanza, alama iwe ya chombo hicho. Mkishindwa, andikeni muhtasari wa kikao unaosema alama ni ya nani, kila mmoja atie saini.

Aliyewachorea nembo pia awape karatasi yenye saini kwamba amewaachia haki za mchoro. Mimi nawapa wateja wangu bila kuombwa, maana fundi anaweza kukaa kimya miaka yote na kuja kudai jina likishakua.

Hatua ya 4: Chagua daraja

Bidhaa na huduma zimegawanywa katika madaraja 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Ulinzi unaupata kwenye daraja uliloomba, na kila daraja ni ombi lake na ada yake. Kwa mazao yetu, korosho ghafi ni daraja la 31. Ukishazibangua na kuzikaanga zinahamia la 29, pamoja na siagi ya korosho, mafuta ya ufuta ya kula na samaki wakavu. Asali, unga na chumvi ni la 30. Juisi ya mabibo ni la 32, mvinyo wake la 33. Sabuni la 3, vinyago vya mbao la 20, mgahawa au nyumba ya wageni la 43.

Kosa la kawaida ni mbanguaji kuchagua la 31 kwa kuwa "korosho ni zao". Anachouza ni cha 29.

Hatua ya 5: Jaza ombi

Fungua akaunti kwenye mfumo wa usajili wa BRELA mtandaoni, unaoitwa ORS, kwa namba ya NIDA. Chagua alama za biashara na huduma, jaza mwombaji, daraja na orodha ya bidhaa, pakia picha ya alama, kisha lipia kwa kumbukumbu namba utakayopewa, benki au kwa simu.

Kama fedha inatosha ombi moja tu, ushauri wangu ni kusajili neno lenyewe, bila mchoro. Mchoro utaubadilisha, jina litabaki. Ukisajili nembo, iweke nyeusi na nyeupe. Alama isiyofungwa kwenye rangi fulani huhesabika kwa rangi zote.

Hatua ya 6: Subiri jarida

Msajili akikubali, alama hutangazwa kwenye jarida la alama za biashara, na mtu yeyote ana siku 60 za kuweka pingamizi. Siku hizo zikipita salama, unaendelea hadi cheti. Fungua akaunti yako ya ORS mara kwa mara, kwa sababu hoja za Msajili zina muda wa kujibiwa. Alama ya R ndani ya duara, ile inayosema jina limesajiliwa, usiichapishe kabla ya cheti.

Hatua ya 7: Baada ya cheti

Usajili wa kwanza ni wa miaka 7 tangu tarehe ya kuwasilisha ombi, halafu unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Itumie alama kweli, kwani isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kuondolewa kwenye daftari. Ukikuta bidhaa bandia, nunua moja, tunza risiti, piga picha duka, kisha peleka malalamiko Tume ya Ushindani au kwa wakili.

Cheti cha BRELA hakivuki bahari. Ukiuza Zanzibar, unasajili tena kwa wakala wa usajili wa huko. Ukivusha mto Ruvuma kuingia Msumbiji, ni ombi jingine kwa sheria za huko, na kwa wauzaji wa Mtambaswala, pale mpakani, hilo ni jambo la kupanga kabla mzigo haujavuka daraja.