Kuhamisha chatboti ya Rasa kutoka 2.8 kwenda 3.6 bila kuharibu oda za wateja

Wiki iliyopita nilikaa na jamaa yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi, chatboti yake inapokea oda Telegram, kwa maandishi na kwa voisi maana mafundi wengi mikono ina simenti hawawezi kuchapa. Ilikuwa Rasa 2.8 (Rasa ni programu ya kutengenezea chatboti), tangu iwekwe haijaguswa, tukaipeleka 3.6. Kazi ya saa tatu ikatula siku mbili na karibu muda wote uliishia sehemu moja, hiyo hatua ya 4, kwa hiyo kama una haraka ruka mpaka huko.

Hatua ya 1: backup

Weka kila kitu kwenye git, fanya commit, tengeneza tawi jipya. Kama mazungumzo yako yanakaa Postgres au SQLite chukua nakala ya database pia. Folda ya `models` ipe jina lingine. Modeli iliyofundishwa na 2.x haifunguki kwenye 3.x, na `rasa run` yenyewe inachukua modeli mpya kuliko zote kwenye folda, sasa ukiiacha ya zamani pale utapata error ambayo haihusiani na kazi yako.

Hatua ya 2: malizia ya zamani ukiwa bado 2.8

Kama bado una `nlu.md` au `stories.md`, zibadilishe ziwe YAML sasa hivi ukiwa kwenye 2.8, kwa sababu 3.0 haisomi tena Markdown:

```
rasa data convert nlu -f yaml --data data --out data_mpya
```

Kwa stori ni hivyohivyo, unaweka `core` badala ya `nlu`. Angalia pia `config.yml`, ukiona FormPolicy, MappingPolicy, FallbackPolicy au TwoStageFallbackPolicy ujue hizo zimeondolewa, kazi yake inafanywa na RulePolicy.

Hatua ya 3: mazingira mapya

Usiinstoli juu ya ya zamani. Tafadhali. Tengeneza venv mpya kabisa (folda ya Python iliyojitenga na miradi mingine), na mimi natumia venv tu, conda siipendi kwa kazi hii kwa sababu ukichanganya conda na pip ndani ya mradi mmoja kesho hujui nani kaleta nini. Rasa 3.6 inakubali Python 3.8, 3.9 na 3.10, ukiwa na 3.11 au 3.12 haiingii, kwa hiyo tumia 3.10:

```
python3.10 -m venv mpya
source mpya/bin/activate
pip install -U pip
pip install "rasa==3.6.*"
```

Hiyo namba usiiache. Ukiandika `pip install rasa` tupu pip inaweza kuanza kujaribu vesheni moja baada ya nyingine na bando likaisha hapohapo, TensorFlow peke yake ni mamia ya MB. Seva ya actions (ile inayoendesha kodi yako ya Python) ipe venv yake yenye `rasa-sdk==3.6.*`, namba mbili za mwanzo lazima zifanane na za Rasa.

Hatua ya 4: sloti

Hapa ndipo siku mbili zilipokwenda kwa hiyo naandika yote.

Sloti ni kisanduku ambacho chatboti inahifadhi kitu ilichoambiwa, mfano jina la mteja, na fomu ni maswali yanayoulizwa mfululizo mpaka sloti zake zijae. Kwenye 2.x ulikuwa unaandika namna ya kujaza sloti ndani ya fomu. Na kama sloti ina jina sawa na entiti (neno muhimu ambalo chatboti inalikamata ndani ya ujumbe), Rasa ilikuwa inaijaza yenyewe kimyakimya. 3.0 imebadilisha vyote viwili. Sasa kila sloti lazima iwe na `mappings` zake (maelekezo ya namna ya kuijaza) kule kwenye `slots` ndani ya `domain.yml`, fomu inabaki na orodha ya majina tu, na ile ya kujijaza yenyewe haipo tena. Kila mteja akituma ujumbe kuna action inaitwa `action_extract_slots` inapita kwenye sloti ZOTE, fomu iwe wazi au isiwe wazi.

Rudia hiyo sentensi ya mwisho. Sisi hatukuielewa. Tulihamisha mappings kwa mkono, tukazikata kwenye fomu tukazibandika kwenye sloti, tukafundisha modeli, ikajibu vizuri, tukaenda kulala. Asubuhi mteja aliyejitambulisha vizuri tu akauliza bei ya nondo katikati ya mazungumzo, risiti ikatoka na jina "nondo za milimita kumi na mbili bei gani". Sababu ni kwamba sloti ya `jina` ilikuwa `from_text` bila sharti lolote, yaani kila anachosema mteja kinakuwa jina lake. Na hakuna error popote, logi ni safi kabisa.

Kwa hiyo usifanye kwa mkono, anza na amri yao:

```
rasa data migrate -d domain.yml
```

Inakutengenezea domain mpya na ile ya zamani inaihifadhi kama `original_domain.yml`. Sloti zilizokuwa kwenye fomu inaziwekea sharti la `active_loop`, yaani zijazwe fomu ikiwa wazi tu. Ila kama domain umeigawa kwenye faili nyingi na sehemu ya `slots` umeisambaza faili mbili tatu, amri inagoma, inabidi uzikusanye kwenye faili moja kwanza (sehemu ya `forms` nayo vilevile).

Na hata baada ya hapo kagua mwenyewe kila `from_text` ina masharti gani. Fomu yetu ilikuwa na sloti mbili za maandishi huru, `jina` na `eneo`. Sharti la `active_loop` peke yake linasema fomu iko wazi, halisemi tunauliza nini sasa hivi. Mteja akajibu "Juma", na jina likawa Juma na eneo likawa Juma, fomu ikajiona imekamilika ikafunga oda bila kuuliza mzigo upelekwe wapi. Dawa ni kuongeza `requested_slot` (hapa naonyesha `jina`, `eneo` inaandikwa kwa mfano huohuo):

```
slots:
  jina:
    type: text
    mappings:
    - type: from_text
      not_intent: ghairi
      conditions:
      - active_loop: fomu_oda
        requested_slot: jina
  bidhaa:
    type: text
    mappings:
    - type: from_entity
      entity: bidhaa
  namba_ya_oda:
    type: text
    mappings:
    - type: custom

forms:
  fomu_oda:
    required_slots:
    - bidhaa
    - jina
    - eneo
```

Hiyo `not_intent: ghairi` ni kwa ajili ya mteja anayesema "acha basi" katikati, tusimwite Acha Basi. `bidhaa` nimeiacha bila sharti makusudi, kwa sababu mtu akifungua mazungumzo na "nataka simenti" nataka ikamatwe kabla fomu haijaanza. Na `namba_ya_oda` inajazwa na kodi yetu ya Python kwa SlotSet, sloti za aina hiyo zinaandikwa `custom`.

Kanuni yangu sasa: kila `from_text` lazima iwe na `active_loop` na `requested_slot`, zote mbili. Pita domain yako yote na jicho, usiamini amri peke yake. Zile `validate_jina`, `validate_eneo` kwenye FormValidationAction zinabaki kama zilivyo, hakikisha tu `validate_fomu_oda` imeandikwa kwenye orodha ya `actions`.

Hatua ya 5: config

```
recipe: default.v1
assistant_id: duka_oda
language: sw
pipeline:
- name: WhitespaceTokenizer
- name: CountVectorsFeaturizer
- name: CountVectorsFeaturizer
  analyzer: char_wb
  min_ngram: 1
  max_ngram: 4
- name: DIETClassifier
  epochs: 100
- name: FallbackClassifier
  threshold: 0.4
```

`assistant_id` imeanza kudaiwa 3.5, usipoiweka Rasa inajipa jina la kubahatisha. Policies zako acha zilivyo. Ile `char_wb` kwa Kiswahili usiitoe hata mtu akikuambia nini, inakata maneno vipande vya herufi moja mpaka nne, kwa hiyo "nimelipa", "nitalipa" na "sijalipa" zinaonekana ndugu hata kama kwenye mifano yako umeandika moja tu. Kama uliandika komponenti yako mwenyewe kwa 2.x, hiyo ni kazi ya kuandika upya, sasa inarithi GraphComponent na inasajiliwa kwa `@DefaultV1Recipe.register`.

Hatua ya 6: fundisha, jaribu

```
rasa data validate
rasa train
rasa shell --debug
```

Kwenye `shell --debug` usiangalie jibu la chatboti, angalia sloti baada ya kila ujumbe. Jaribu kuuliza swali lisilohusika katikati ya fomu, jaribu kughairi, jaribu kujibu vitu viwili kwa mara moja.

Hatua ya 7: sauti

Hii ilikuwa fupi kwa sababu sauti tuliiweka nje ya Rasa tangu mwanzo, na ningekushauri ufanye hivyo. Voisi inaingia kwenye kiprogramu kidogo pembeni, Whisper, modeli ya kugeuza sauti, inaifanya maandishi (Kiswahili inakijua), halafu maandishi yanatumwa `/webhooks/rest/webhook` yakiwa na `sender` na `message`. Anwani hiyo haijabadilika, kwa hiyo hatukugusa hata mstari mmoja. Kitu kimoja tu: watu wakiongea Whisper inaweza kuleta "mifuko kumi" leo na "mifuko 10" kesho, kwa hiyo kama fomu yako ina sloti ya `idadi`, `validate_idadi` yake lazima ijue zote mbili.

Ila kama widget yako ya wavuti (kidirisha cha chati kwenye tovuti) inatumia socketio kuongea na Rasa, angalia vesheni. python-socketio 4 inaongea na JavaScript ya 1 na 2, ya 5 inataka 3 au 4, na venv mpya inaweza kukuletea 5 bila kukuuliza. Dalili yake widget inafunguka vizuri lakini chatboti haijibu neno.

Sisi tuliwasha mpya kwenye porti 5006 huku ya zamani ikiendelea 5005, tukaipa namba zetu wenyewe siku nzima kwa maandishi na voisi, jioni ndio tukahamisha webhook ya Telegram (anwani ambako Telegram inapeleka ujumbe). Ya zamani tumeizima ila venv yake bado ipo.