Acheni Chumvi, Pimeni Shabu

Vikundi vya kutia rangi vitambaa huku milimani Moshi vinaniletea lalamiko lilelile: kitambaa kilitoka sufuriani kinapendeza, mteja kakifua mara mbili, rangi imekwisha. Nikiuliza mlishikiza rangi kwa kitu gani, jibu ni chumvi na siki.

Chumvi hiyo mmeitoa kwenye rangi za dukani. Kule ina kazi, inaisukuma rangi iingie kwenye nyuzi. Rangi ya mmea inataka kufungwa, na kinachoifunga ni shabu, ileile ya kusafishia maji. Tena pamba haiishiki shabu vizuri mpaka ipate kwanza tanini, ule ukakasi wa ganda la komamanga au gome la mti wa mwati.

Vipimo hivi ni vya kilo 1 ya kitambaa kikavu. Kikavu, jamani! Ukikipima kimelowa umepima maji. Na kiganja si mzani.

Kichemsheni saa 1 na magadi soda gramu 20, hata kama ni kipya, kwa sababu pamba ina nta yake. Suuzeni. Kisha chemsheni gramu 250 za maganda makavu ya komamanga au magome ya mwati kwa saa 1, mchuje, na maji yakipoa kiasi cha mkono kustahimili, lowekeni kitambaa saa 2. Kamueni tu.

Sasa shabu: gramu 150. Iyeyusheni pembeni kwa maji ya moto, ndipo mmimine kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu. Kitambaa kilale humo usiku kucha. Nusu saa mnayoipenda haitoshi, na kuongeza shabu hakufidii muda. Nyuzi zikishiba zimeshiba.

Rangi yenyewe mnaijua: kokwa za parachichi kilo 1, au maganda makavu ya vitunguu gramu 500. Moto uwe mdogo, maana kokwa zikitokota, waridi linageuka kahawia. Msitumie sufuria yenye kutu. Bizari ya manjano msiitie kwenye vitambaa vya kuuza, jua huila hata ukishikiza kwa shabu.

Fueni kipande kidogo kwanza; maji yakibaki meupe, pelekeni sokoni.

Maji ya shabu yaliyobaki msiyamwage kwenye mfereji. Chini yenu kuna mbuzi wanaokunywa na migomba ya jirani.