Jinsi ya kutumia neno "crucial" bila kulichosha

Karibu kila tafsiri ninayohariri ina neno la Kiingereza "crucial" lililogeuzwa "muhimu sana". Si kosa, ila makali ya neno yamebaki njiani. Mimi hulishughulikia hivi.

Hatua ya 1: Jua lilikotoka. Mzizi ni "crux", yaani msalaba kwa Kilatini. Matabibu walilitumia kwa vitu vyenye umbo la msalaba, na kano mbili zinazopishana ndani ya goti hadi leo zina jina la ukoo huohuo. Mwaka 1620 mwanafalsafa Mwingereza Francis Bacon, akiandika kwa Kilatini, alitumia mfano wa kibao cha njia panda: ushahidi unaokuonyesha ufuate maelezo yapi pale yanapogongana. Mwaka 1672 mwanasayansi Isaac Newton naye akaliita jaribio lake la mwanga "experimentum crucis", yaani jaribio la kuamua. Basi ukikutana na "crucial", fikiria njia panda.

Hatua ya 2: Lipime. Kiondoe kinachosifiwa uone. Matokeo yakibaki yaleyale, "important" inatosha. Aliyefunga bao la nne katika ushindi wa 4–0 kafanya vizuri, lakini bao lake si "crucial". Kipa aliyepangua penalti dakika ya mwisho, timu yake ikiongoza 1–0? Huyo sawa.

Hatua ya 3: Lipange kwenye sentensi. Hufuatwa na "to" au "for": "Trust is crucial to this work." Katika Kiingereza rasmi utaona pia "It is crucial that he arrive early", na hapo "arrive" haichukui "s". Mimi siliwekei "very". "Absolutely crucial" hukaa vizuri zaidi. Katika kutamka, "ci" ya katikati ni "sh".

Hatua ya 4: Lilete kwenye Kiswahili. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu wanasaka kivumishi. Achana nacho, mwachie "ndiye, ndiyo, ndicho" kazi hiyo. "Her vote was crucial" naandika "Kura yake ndiyo iliyoamua." Au geuza kwa "bila": "Water is crucial for germination" inakuwa "Bila maji mbegu haioti."

"Muhimu sana" nawawekea akiba waandishi wa matangazo ya biashara. Kwao kila kitu ni "crucial", hata rangi ya kifungashio.