Elki Akiwa Hatua Sita: Namna ya Kuufanya Mshale Upenye

Septemba moja milimani Colorado, Marekani, elki dume alitokea nyuma ya msonobari akasimama hatua sita kutoka nilipopiga goti. Nikaachia upote wa upinde. Mshale uligonga nyuma ya bega, pale pale nilipolenga, lakini ukaingia kiganja kimoja tu na kubaki ukining'inia. Nilimtafuta siku mbili, sikumpata. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu.

Elki ni wa jamii ya kulungu, na dume lake hufikia kilo 300, mzito kuliko tandala mkubwa wa kwetu. Ana ubavu mpana, ngozi nene na manyoya yaliyoshiba matope ya msimu wa kupandana. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupaka sumu kwenye mishale ya wanyama wakubwa, kwa hiyo jeraha dogo huwatosha. Colorado sumu ni marufuku. Kazi yote inabaki kwa makali ya chuma, ambayo lazima yavuke mapafu yote mawili.

Hatua ya 1: Nyoosha mshale tangu unapotoka

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Upote ukiachiliwa, wano (ule mti wa mshale) halitoki likiwa limenyooka. Hujipinda kushoto na kulia kama samaki anayeogelea, na manyoya ya nyuma hulituliza baada ya mita kadhaa. Mnyama akiwa karibu mno, chembe (ncha ya chuma) hugusa ngozi huku kitako cha mshale bado kikiyumba pembeni. Nguvu iliyopaswa kusukuma chembe mbele inaishia kulipinda wano na kulisugua kwenye mbavu. Ndiyo sababu mshale wa mita 5, wenye mwendo wa kasi kuliko wa mita 20, unaweza kupenya kidogo kuliko huo wa mbali.

Dawa yake ni karatasi. Tandaza karatasi kwenye fremu, weka shabaha mita moja na nusu nyuma yake ili mshale upite wote, kisha simama mita 2 na upige. Ukiona tundu moja dogo lenye alama za manyoya kulizunguka, mshale umepita sawa. Ukiona mpasuko unaoelekea juu, kitako kilikuwa juu: shusha kidogo mahali unapopachika mshale kwenye upote. Mpasuko wa kushoto au kulia, anza na mkono wako. Anayebana mpini kwa nguvu huuzungusha upinde bila kujua. Legeza vidole, piga tena mara tatu. Mpasuko ukibaki palepale, sogeza egemeo la mshale milimita moja, au badilisha wano kama linapinda kirahisi mno kwa upinde wako. Gusa kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Nilipofanya jaribio hili baada ya msimu ule, karatasi ilichanika urefu wa kidole.

Hatua ya 2: Uzito, uimara, makali

Kwa upinde uleule, mshale wa gramu 26 unaotoka kwa mita 88 kwa sekunde na wa gramu 34 unaotoka kwa mita 78 hubeba nishati karibu sawa, kama jouli 100 hivi. Lakini msukumo wa ule mzito unazidi kwa karibu sehemu moja ya sita, na msukumo ndio unaoendelea kusonga ubavu unapopinga. Mimi natumia wa gramu 34. Unashuka mapema kidogo, ila kwa windo la karibu hilo halina madhara.

Ed Ashby, aliyejaribu mishale kwa miaka mingi Afrika Kusini na Australia, aliweka uimara wa mshale mbele ya yote, kisha unyoofu wa kuruka kwake. Nakubaliana naye. Chembe kikipinda kwenye mfupa, uzito haukusaidii. Chagua chembe cha makali yasiyokunjika, kwa kuwa vile vinavyofunguka vikigonga hutumia sehemu ya nguvu kujifungua. Sheria ya Colorado inataka upana usiopungua inchi 7/8 (milimita 22), makali ya chuma angalau mawili, na upinde unaovutwa kwa nguvu ya ratili 35 (kama kilo 16) au zaidi. Noa mpaka kinyoe malaika ya mkono, na unoe tena hata kama ni kipya kutoka dukani.

Hatua ya 3: Jua pini ya karibu

Pini ni vijiti vidogo vya kulengea kwenye upinde, kila kimoja kwa umbali wake. Jicho lako liko juu ya mshale kwa sentimita kama 10. Kwa mita 3 mshale bado haujapanda kufikia mstari wa jicho, kwa hiyo pini ya mita 20 itakupigisha chini. Mara nyingi utahitaji pini ya mita 40 au zaidi. Piga kwa mita 2, 3, 5 na 8, uandike majibu na kuyabandika kwenye upinde.

Hatua ya 4: Kumsubiri

Asubuhi hewa hushuka bondeni; jua likipasha mteremko, hupanda. Jipange kulingana na hilo, asipate harufu yako. Mwenzako anayeiga sauti ya jike akae mita 40 nyuma yako, ili macho ya dume yakupite. Vuta upinde kichwa chake kikiwa nyuma ya mti.

Hatua ya 5: Pembe

Dume aliyeitwa huja akikukabili. Wapo wanaopiga shingo inapokutana na kifua, na wengine hufanikiwa. Mimi sipigi. Nafasi ni ndogo, mifupa imeizunguka, na akigeuka kidogo tu mshale unakosa mapafu. Subiri akupe ubavu, au ageuke kidogo kukuacha. Mguu wa mbele wa upande wako ukisogea mbele, bega linafunguka. Lenga nyuma ya bega, theluthi moja kutoka chini ya kifua. Asipogeuka, mwache aende.

Hatua ya 6: Baada ya mshale

Tazama mahali ulipoingia na njia aliyoshika, kisha kaa kimya nusu saa. Damu ya waridi yenye mapovu ni ya mapafu, fuata. Damu nyeusi ni ya ini, subiri saa kadhaa. Ukiona majani yaliyosagwa kwenye wano, umepiga tumbo: rudi nyuma taratibu na umpe saa nane au zaidi kabla ya kufuata. Ukimpata, chuna na ugawanye mapande mara moja, uyatundike kivulini. Joto la Septemba huharibu nyama ya paja kuanzia kwenye mfupa.