Somo: Kuwaleta watoto Tanga kutoka ughaibuni, tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Mwaka juzi ndugu yangu alishuka Dar es Salaam usiku wa manane na watoto watatu kutoka Ujerumani. Kulipokucha walikuwa tayari ndani ya gari kuja Tanga, kilomita 350 hivi. Mdogo alitapika kuanzia Chalinze mpaka Segera. Siku ya pili tukawapeleka Pangani, tukapanda boti kwenda Maziwe, kisiwa cha mchanga mtupu. Tulipofika, nahodha akazima mashine na kuonesha maji. Hapakuwa na kisiwa, ilikuwa bahari tupu. Yule wa kati, ana miaka saba, akanishika mkono: "Shangazi, kisiwa kiko wapi?"

Kisiwa kilikuwa chini yetu. Maji yalikuwa yamejaa, na aliyetukodishia boti alipokea pesa bila kutuambia neno. Lakini na mimi niliyezaliwa hapa nilipaswa kujua. Watoto walikuwa wamesafiri siku nzima angani kwa ajili ya mchanga ule. Tangu siku hiyo kila jamaa anayetaka kuja namwandikia haya ninayoyaandika hapa.

Hatua ya kwanza: tazama mwezi wa angani

Wengi huanza na bei ya tiketi, halafu hoteli, halafu ndipo wanauliza "tufanye nini?" Pwani ya kwetu haipangwi hivyo. Maji yetu yanapanda na kushuka mita tatu na zaidi wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Ufuo uleule asubuhi unaweza kuwa uwanja wa matope na majani, na jioni ukawa bwawa la kuogelea.

Shika hesabu hii, wavuvi wa Pangani wanaijua bila kitabu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu baada yake. Siku hizo maji hupwa kabisa yapata saa nne asubuhi, na hujaa yapata saa kumi jioni. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Baada ya juma moja mambo yamegeuka: maji mafu, yanajaa mnamo saa nne asubuhi, tena hayapandi sana wala hayashuki sana.

Kwa mwenye watoto maana yake ni hii. Fungu la Maziwe liweke siku za bamvua: ondokeni saa mbili asubuhi, mkae mchangani maji yakiwa makavu, muwe mmeondoka saa sita jua halijawachoma. Siku hizohizo kuogelea mbele ya hoteli ni alasiri, maji yanaporudi. Siku za maji mafu watoto wanaogelea asubuhi, na ndizo siku za kwenda mbugani au mapangoni kwa sababu bahari haikudai kitu. Ukikaa wiki mbili lazima upate zote mbili. Ukikaa siku nane, unaweza kuikosa bamvua kabisa, ndiyo maana nasema mwezi kwanza, tiketi baadaye.

Waelezeni watoto pia kwa nini fungu lenyewe linazama. Maziwe ilitengwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 1975, na wakati huo ilikuwa na mivinje. Miti ilipotoweka mchanga ukakosa wa kuushika, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikabaki kipara. Kasa bado wanapanda kutaga pale, lakini mayai yangezama, kwa hiyo walinzi huyahamishia ufuo wa Ushongo. Ukibahatika kuwa Ushongo siku vifaranga wanapototoka, waombe watoto wakae pembeni, wasiwashike, wasiwamulike. Kile kitoto cha kasa lazima kitembee chenyewe mpaka majini.

Hatua ya pili: upepo na shule

Hapa pana mvutano na sitauficha. Shule za Ulaya zinafunga Julai na Agosti, nasi tuko kwenye kusi, upepo wa kusini. Nyasi za Saadani, hifadhi yetu ya wanyama iliyo pwani, zinaanza kukauka na wanyama wanaonekana vizuri, joto linapungua, lakini bahari huchafuka, hasa mchana. Krismasi na Januari ni kaskazi, upepo wa kaskazini: maji maangavu, joto kali, watoto wa baridi wanachoka mapema. Machi mpaka Mei ni masika, msije. Udongo mweusi wa kule Saadani ukilowa unashika gari kama gundi.

Mimi nikiambiwa nichague, nachagua Januari hadi katikati ya Februari kwa wenye watoto wasioanza shule, na Agosti kwa wenye wanafunzi.

Hatua ya tatu: njia moja, msirudi nyuma

Kosa la ndugu yangu lilikuwa kuja moja kwa moja. Tanga wanaiita "waja leo waondoka leo", lakini mtoto aliyetoka kwenye ndege hafai kuja leo wala kuondoka leo. Lala Bagamoyo kwanza, usiku mbili. Ni kilomita 70 hivi kutoka Dar es Salaam, na hakuna cha kukimbilia. Siku ya kwanza wacha walale na wacheze mchanga. Ya pili waende Kaole asubuhi, magofu ya msikiti na makaburi, saa moja na nusu inatosha.

Kutoka Bagamoyo pandeni na pwani: Saadani, kisha Mkwaja, kisha Ushongo na Pangani, mmalizie Tanga mjini. Kila kipande ni cha masaa machache. Kurudi ndipo mnapita barabara kuu ya Segera na Chalinze, au mnapanda ndege ndogo ya Tanga kwenda Dar es Salaam. Wanaotoka Ulaya hawasumbuki sana na saa, tofauti ni moja mpaka tatu. Wengi wanaotoka Marekani na Canada wana saba au zaidi. Hao waongeze usiku wa tatu Bagamoyo.

Hatua ya nne: Saadani kwa kipimo cha mtoto

Saadani ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na ina kilomita za mraba zipatazo 1,100. Serengeti ni karibu 15,000. Nawaambia hesabu hiyo ili msije mkitarajia nyumbu kufunika upeo. Hapa mtaona twiga, ngiri, kuro, kongoni, nyati. Tembo na simba wapo lakini wana siku zao. Uzuri wake ni kwamba asubuhi mnatazama twiga na mchana mtoto yuko baharini, na kwa familia hilo ni kubwa kuliko simba kumi.

Gari lisizidi masaa matatu kwa mara moja. Tokeni saa kumi na mbili alfajiri mkiwa na chai kwenye chupa na maandazi, mrudi saa tatu. Jioni msiende tena. Badala yake siku ya pili chukueni boti Mto Wami. Watoto waliosinzia garini wote huamka wakimwona kiboko akipiga miayo na mamba akiteleza kutoka ukingoni. Mkono wa mtoto usitoke nje ya boti hata kidogo, na maboya ya kuvaa yawe ya saizi yake. Kama hayapo, msipande. Mimi nimeshawahi kuwashusha watoto wote kwa sababu hiyo, na aliyenikasirikia akasirike.

Kuna mbung'o sehemu za vichaka. Wanapenda rangi ya bluu iliyokoza na nyeusi, kwa hiyo zile jinzi ziacheni begini, vaeni kaki au rangi ya mchanga.

Kiingilio: mtoto chini ya miaka 5 halipi, wa miaka 5 hadi 15 analipa pungufu. Lakini mjue, kinachotazamwa ni pasipoti. Mtoto mwenye pasipoti ya Uingereza analipa kama mgeni hata kama babu yake kazikwa Mwera. Inauma, lakini iingizeni kwenye bajeti mapema.

Hatua ya tano: afya na makaratasi

Pwani nzima ina malaria. Dawa ya kinga ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, si kwa umri, na nyingine huanzwa kabla ya safari, kwa hiyo mwoneni daktari wiki sita kabla. Chandarua, mikono mirefu kuanzia magharibi, dawa ya kujipaka inayofaa umri wake. Na hili ndilo watu wanalisahau: mtoto akipata homa baada ya kurudi, hata miezi kadhaa imepita, mwambieni daktari siku hiyohiyo kwamba alikuwa Tanzania. Daktari wa huko anaweza kudhani mafua.

Cheti cha homa ya manjano kinadaiwa kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, au waliokaa uwanja wa ndege wa nchi hizo zaidi ya masaa 12. Angalieni mnaunganisha wapi. Kila mtoto awe na pasipoti na viza yake. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, fungeni nguo chafu kwenye mifuko ya kitambaa. Kiti cha mtoto cha gari njooni nacho, huku ni vigumu kukipata cha kukodi.

Tanga mjini pitieni Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi njia ya kwenda Horohoro. Watoto wavae raba. Mwenye kuogopa giza asilazimishwe, akae nje na mtu mzima, aletewe habari za popo. Halafu machungwa ya Muheza, ufuo wa Raskazone jioni, kulala.

Maswali ya wanachama

*Baba wa wawili, Birmingham:* Shikamoo dada. Sisi ni Agosti tu, hatuna ujanja. Hiyo kusi itatunyima bahari kabisa?

Marahaba mdogo wangu. Haitawanyima. Asubuhi mara nyingi upepo haujaamka, na bamvua za Agosti maji makavu ni asubuhi vilevile, kwa hiyo Maziwe inawezekana. Ila wekeni siku mbili za akiba, nahodha akisema leo hapana mwende kesho. Msimbembeleze nahodha abadili neno lake.

*Mama, Muscat:* Wa kwangu ana miezi kumi. Nimlete au nisubiri?

Mlete aonwe na bibi zake, lakini safari yake iwe tofauti na ya wakubwa. Boti ya Maziwe asipande, kule hakuna kivuli hata cha kitambaa. Mbugani saa moja na nusu inamtosha, na ratiba ifuate usingizi wake. Kwa malaria, usinunue chochote kwa kusikia. Daktari ampime uzito, aamue. Chandarua kiwe chenye dawa, na uje nacho cha kukaa juu ya kitanda chake. Kama bado ananyonya, umeshinda nusu ya mambo, maziwa yako hayahitaji kuchemshwa.

*Mama wa binti wa miaka 9, Toronto:* Ameona picha ya tembo ufukweni, hapati usingizi kwa ajili yake. Naomba ukweli.

Tembo hufika ufukweni Saadani, ni kweli, lakini si kila wiki. Mwambie sasa, kabla hamjapanda ndege. Mtoto aliyeambiwa ukweli hufurahia nyayo zao mchangani, aliyeahidiwa hulia. Mpe daftari aandike kila ndege anayemwona Mto Wami, na kwenye mabwawa ya chumvi mtafute heroe, wale wenye miguu mirefu na rangi ya waridi. Binti wa umri huo akipata kazi hachoki.

*Mwanachama, Dar es Salaam:* Dada, sisi wa ndani tusio na gari wala dola je? Watoto wanne, basi tu.

Nyie mna nafuu kuliko wote. Kwenye hifadhi mnalipa kiwango cha Mtanzania, kwa shilingi. Pandeni basi la asubuhi mpaka Tanga, mlale. Kesho Amboni. Keshokutwa basi dogo la Pangani, kilomita 50 hivi, na njiani mshuke Tongoni muone makaburi ya nguzo. Muwakumbushe watoto kwamba pale watu bado wanaomba dua, sauti iwe chini. Boti ya Maziwe hukodishwa nzima, kwa hiyo tafuteni familia nyingine mchangie. Saadani bila gari ni ghali, iacheni mpaka mpate jamaa wa kuchangia gari.

*Baba wa watatu, Hamburg:* Tunashuka tarehe 4, nimetazama kalenda, mwezi mpevu ni tarehe 9. Nipangie.

Vizuri sana, umefanya nilichoomba. Tarehe 4 na 5 Bagamoyo. Tarehe 6 asubuhi mnaingia Saadani, mnalala 6 na 7, Wami asubuhi ya tarehe 8, mchana mnakwenda Ushongo. Tarehe 9 pumzikeni, waogelee alasiri maji yakirudi. Maziwe iwe tarehe 10. Maji yatakuwa makavu kama saa tano kasorobo, mtoke saa mbili na nusu. Tarehe 11 na 12 ni akiba ya upepo. Tarehe 13 njooni mjini, mtakuta chakula. Uniambie tu kama watoto wanakula pweza.