Jua ukoo wa zao lako kabla ya kubadilisha tuta

Mkulima wa mboga wa Dar es Salaam, awe wa Bunju, Chanika au Kigamboni, akishavuna nyanya, tuta lile lile hulipa nyanya chungu, bilinganya, hoho au mnavu, na hapo anajua amefanya kilimo cha mzunguko. Jikoni kweli mboga imebadilika. Ardhini bado. Mazao yote hayo matano ni ya familia moja, Solanaceae, na bakteria wa mnyauko, *Ralstonia*, hubaki kwenye udongo na kulishambulia lolote kati yake. Mche unanyauka mchana ukiwa bado kijani, jioni unajitutumua, na baada ya siku chache umekufa. Lawama zinaangukia mbegu.

Wanabiolojia hupanga viumbe kwa ngazi: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Mkulima hahitaji kuzikariri zote. Familia inamsaidia kupanga mzunguko, ngeli na oda zinamsaidia kuchagua dawa, na jenasi pamoja na spishi zinamsaidia asiuziwe kitu kingine.

Tuanze na familia. Kabichi, chainizi, sukuma wiki na loshuu ni Brassicaceae. Tango, tikiti na boga ni Cucurbitaceae. Kunde na maharage ni mikunde, Fabaceae. Bamia ni Malvaceae, ndugu wa pamba. Wengi huteleza kwenye mchicha na spinachi: zote ziko Amaranthaceae, kwa hiyo kupanda moja baada ya nyingine si kupumzisha tuta. Palipokuwa na nyanya zenye mnyauko, usirudishe jamii ya nyanya kwa miaka miwili au mitatu, panda mahindi. Na ng'oa mnavu unaojiotea pembeni, kwa sababu huo ndio unaomtunza bakteria wakati wewe unadhani umempa njaa.

Kanuni hii ina mpaka wake. Minyoo fundo, *Meloidogyne*, haichagui familia. Bamia iliyopandwa kuikimbia nyanya yenye minyoo hiyo huiongezea chakula. Ng'oa miche miwili mitatu utazame mizizi. Ikiwa na vinundu vilivyo sehemu ya mzizi wenyewe, visivyobanduka kwa kidole (vile vya mikunde hubanduka), tatizo ni hilo.

Kuthibitisha mnyauko wa bakteria hakuhitaji maabara. Kata kipande cha shina chenye urefu wa sentimita 5 karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi, ncha ya chini iguse maji, kisha usiitikise glasi. Ndani ya dakika chache utaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka. Usipotoka uzi na ndani ya shina kuna rangi ya kahawia, shuku zaidi ukungu wa *Fusarium*.

Upande wa dawa, hesabu miguu. Utitiri mwekundu wa nyanya, *Tetranychus evansi*, si mdudu: ana miguu minane na yuko ngeli moja na buibui. Dawa nyingi za wadudu hazimfanyi kitu, tena zinaua wale wanaomla, ndiyo maana shamba huzidi kuwa jekundu baada ya kupulizwa. Tafuta dawa ambayo lebo yake imetaja utitiri, na pulizia chini ya majani. Oda nayo ina kazi yake: dawa ya *Bacillus thuringiensis* aina ya *kurstaki* huua viwavi wa nondo na vipepeo, walio oda moja, lakini vidukari na inzi weupe haiwagusi.

Kwenye matango kuna magonjwa mawili, ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Majina yanafanana, viumbe vinavyoyaleta haviko hata himaya moja. Salfa inazuia ubwiri unga, haizuii ubwiri vinyoya. Na kuipulizia kwenye joto la Dar la Januari ni kuyaunguza majani tu.

Sasa majina yenyewe. Mfumo wa maneno mawili ulienezwa na Mswidi Carl Linnaeus. Majina ya mimea yanahesabiwa kuanzia 1753, ya wanyama kuanzia 1758. Neno la kwanza ni jenasi, huanza kwa herufi kubwa. La pili, lenye herufi ndogo, hutaja spishi. Jina la aina ya mbegu hufuata ndani ya alama: *Solanum lycopersicum* 'Tengeru 97'. Nyanya chungu ya Dar ndiyo ngogwe ya kwingine, lakini pakiti zote mbili zinatakiwa kuandikwa *Solanum aethiopicum*. Kisamvu cha kawaida ni *Manihot esculenta*, kisamvu cha mpira ni *Manihot glaziovii*.

Usishtuke ukikuta majina mawili tofauti kwa kitu kimoja. Nyanya zamani iliitwa *Lycopersicon esculentum*. Kantangaze, nondo anayeshambulia nyanya, tuliyemzoea kama *Tuta absoluta* sasa wataalamu wanamwandika *Phthorimaea absoluta*. Mdudu ni yule yule, kilichohama ni jenasi.

Ukishindwa kutambua, peleka sampuli kwa afisa ugani wa kata. Kwa mimea, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Tawi liwe na majani, ua na tunda, kwani jani peke yake hudanganya. Libane kati ya magazeti na uyabadilishe kila siku, la sivyo unyevu wa pwani utalioteshea ukungu. Mche mgonjwa usiukaushe: ung'oe na mizizi na udongo wake, ufunge, ufike siku hiyo hiyo. Kiwavi mtumbukize kwanza kwenye maji ya moto kwa muda mfupi asigeuke mweusi, ndipo umtie kwenye spiriti. Tarehe, mahali na zao alilokuwa anakula viandikwe kwenye karatasi ya kuweka ndani ya chupa, kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti.