Jinsi ya kupima mkataba wa besiboli msimu ukiisha

Usianze na jumla ya fedha. Igawe kwa miaka: Juan Soto alisaini na New York Mets dola milioni 765 kwa miaka 15, yaani milioni 51 kwa mwaka. Wastani huo ndio unaoingia kwenye hesabu ya kodi ya anasa ya ligi kuu ya Marekani (MLB), yaani tozo kwa timu ambayo jumla ya mishahara yake inavuka kikomo. Kikomo cha 2025 kilikuwa dola milioni 241. Timu inayokivuka mara ya kwanza hutozwa asilimia 20 ya kilichozidi, na mwaka wa tatu mfululizo asilimia 50.

Wengi hukosea kwenye malipo yaliyoahirishwa. Shohei Ohtani ana milioni 700 kwa miaka 10, lakini 680 kati ya hizo zitalipwa kuanzia 2034 hadi 2043. Kwa kuwa dola ya baadaye ina thamani ndogo kuliko ya leo, timu yake, Dodgers, huhesabiwa takribani milioni 46 kwa mwaka, si 70.

Kisha tazama umri mwaka wa mwisho. Mrushaji wa miaka 33 anayetaka miaka sita apewe mitatu, hata kwa bei ya juu zaidi kila mwaka. Kiwiko na bega huchakaa.

Orodha ya wachezaji wa timu ni ya watu 40. Ikijaa, kila anayesajiliwa humtoa mwingine, kwa hiyo mtaje anayetoka kabla hujamsifu anayeingia.